Unyevu wa Siku ya Shukrani

Mwaka ule mvua ilikata mwezi wa tisa, na bonde la mto Connecticut likakauka mpaka vumbi likawa linaingia kwenye chai. Watu wa mjini walifurahi, wakaanika nguo na kucheza mpira. Wenye tumbaku walinuna. Tumbaku ya kule ni ile ya majani mapana, ambayo biri huvishwa kwa nje kama mtu anavyovishwa koti. Inakatwa ikiwa mbichi, inatungwa kwenye fito, inaning'inizwa ndani ya mabanda marefu mpaka ikauke. Ikishakauka, mkono kando. Ukiligusa jani linavunjika kama papadi. Inabidi usubiri hewa yenyewe ilete maji, ukungu au manyunyu ya kutwa, jani linywe, lilegee, ndipo ulishushe. Wenyewe wanauita unyevu tu, basi, na mtu akisikia unyevu umekuja anaacha hata harusi ya mwanawe.

Siku ya Shukrani, ile Alhamisi ya mwezi wa kumi na moja ambayo Wamarekani hukusanyika kula bata mzinga, ilifika na mabanda ya mzee Bronek Zdrojek bado yamejaa mpaka kwenye paa. Na redio ilikuwa imesema kuanzia Ijumaa unashuka upepo kutoka Kanada, mkavu, wa kukaa. Upepo ule ukikuta majani makavu bandani unayapondaponda yenyewe kwa yenyewe. Ukija kufungua mlango, juu unakuta vijiti, chini unakuta ugoro. Mwaka mzima unaishia puani mwa watu.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa Kaz. Huyu Kaz, mtoto wa pekee wa Bronek, aliacha shule mapema kwa sababu kiti kilikuwa kinamchoma. Akaendesha malori, akaezeka mapaa, akavua kamba kaskazini mpaka akagombana na nahodha. Kila mahali alifika akaondoka. Mwezi wa tatu mama yake alimpigia simu kwamba baba ana saratani ya utumbo na wameshaanza kumtia dawa, akageuza gari barabarani akarudi. Tangu hapo alipanda, alipalilia, alikata, alitunga, na kila jambo alimuuliza baba yake aliyekuwa amelala kwenye kochi na ndoo pembeni. Bronek alikuwa anajibu kwa sauti ya mtu aliyezibwa mdomo kwa mto wa kulalia, lakini alikuwa anajibu. Jambo moja tu hakuweza kumfundisha kwa maneno: kujua saa ya kushusha. Hilo ni la vidole. Unalibana jani kwenye kiganja, unaliachia, unasikiliza linavyofunguka. Ukiwahi, linavunjika. Ukichelewa, limelewa maji, ukilifunga kwenye robota linaoza na kunuka kama soksi. Bronek alikuwa amemwambia asiwe na wasiwasi. Unyevu ukija, yeye mwenyewe angetoka akalishika jani, hata kama ni kwa kubebwa.

Na siku ile hakuhitaji kubebwa. Wiki iliyopita madaktari walisema ugonjwa umeisha, hauonekani. Ndiyo maana meza ilikuwa vile. Mama Halina alikuwa amepika tangu juzi. Bata mzinga katikati, ngozi imekuwa rangi ya fenicha, tumbo limejazwa mkate na vitunguu. Viazi vya kuponda, mchuzi, sosi nyekundu ya kranberi, kabichi na soseji, na sahani ya pierogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi na jibini ndani, kwa sababu Mama Halina alisema Mungu wa Marekani na Mungu wa Poland ni mmoja lakini matumbo ni tofauti. Anko Quiles, aliyekuja kutoka Puerto Rico kijana akafanya kazi na Bronek mpaka wote wakaota mvi, alileta wali wa mbaazi kwenye sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Mke wake alikuwa ameenda kwa dada yake, na yeye alisema hawezi kula bata bila wali, atahisi amelala njaa.

Shangazi Wanda, dada mkubwa wa Bronek, alikata kipande cha kifua, akatafuna, akatafuna.

"Halina," alisema, "huyu bata umemuua mara mbili."

"Mezea na maji, wifi. Meno ni yako."

Wakazunguka meza kila mtu aseme anachoshukuru. Wanda alishukuru kwamba kaka yake hakufa, kwa sababu gauni lake jeusi halimtoshi tena na hana mpango wa kununua jingine. Quiles alishukuru kwa Kihispania kwa muda mrefu na macho yamefumba, hakuna aliyeelewa lakini wote walitulia. Bronek alipofikiwa aliangalia sahani yake. Akasema anashukuru kwa chumvi. Tangu masika kila kitu kilikuwa na ladha ya sarafu mdomoni mwake, na leo amesikia chumvi kwenye ngozi ya bata.

Kisha akaanza kula. Kaz aliacha uma. Alimtazama baba yake akila kama mtu anavyotazama moto, hawezi kutoa macho. Lile koo lililokuwa linarudisha hata uji lilikuwa linameza. Mchuzi ulikuwa unamtiririka kidevuni na hajali. Aliongeza viazi, akaongeza kabichi, akachukua mguu wa bata akaung'ata moja kwa moja. Mama Halina alikuwa amekaa mikono mapajani, hali chochote, anatabasamu na pua imekuwa nyekundu. Zamu ya Kaz ya kushukuru ilipofika alisema anashukuru kwa bata. Wanda akamwambia ana moyo mkavu kama wa polisi.

Baada ya pai ya boga ndipo kikaja kisanduku.

Hapa panataka kueleweka. Nyumba ile haikuwa na mazoea ya kuvuta. Mwaka mzima hakuna aliyegusa. Lakini Siku ya Shukrani Bronek alikuwa anatoa kisanduku cha mwerezi kilichojaa biri, zile nene za kusokotwa kwa mkono, zimevishwa majani ya shamba lao wenyewe. Binamu wa Quiles ndiye aliyekuwa akizisokota. Mtu mmoja, kisu kimoja, ubao mmoja, kwa hiyo hazilingani: moja imebanwa mno, nyingine ina tumbo tupu, nyingine ni ya kumpa askofu. Na hakuna aliyeruhusiwa kujichagulia. Bronek alikuwa anafumba macho, anaingiza mkono kisandukuni, anaizungusha moja moja kati ya kidole gumba na vidole viwili, anaibana kichwa, katikati, mguu. Kisha anasema hii ya Wanda, ina haraka kama yeye. Hii ya Quiles, itawaka mpaka amalize uongo wake wote. Na hakosei. Kaz alipokuwa mdogo aliamini kabisa kwamba biri zilikuwa zinamnong'oneza baba yake majina. Alipopewa ya kwanza, akiwa na ndevu tatu, aliivuta huku machozi yanamtoka, si kwa moshi peke yake.

Leo Bronek alisema hawatavuta za mwaka jana. Alitaka tabaka la chini, za mwaka ule mvua ilipokuja kwa adabu na jani likatoka kama hariri. Alikuwa amezificha kwa ajili ya harusi ya Kaz, lakini kwa mwendo wa Kaz zingeoza kwanza. Watu wakacheka. Akafumba macho, akaingiza mkono.

Kaz aliona mapema kuliko wengine, kwa sababu alikuwa bado anamtazama. Baba yake alifumba macho, halafu akayafumbua kidogo. Alikuwa anachungulia. Vidole vilikuwa vinazunguka juu ya biri vilevile kama zamani, gumba na viwili, lakini macho ndiyo yaliyokuwa yanachagua. Akampa Wanda moja, akasema ina haraka kama wewe. Akampa Quiles. Akampa Kaz, akamkazia macho kidogo, akasema hii ni ya mwenye shamba.

Kaz alipoikata kichwa, koti la biri lilipasuka kutoka juu hadi chini. Ilikuwa na ufa tangu kisandukuni, mtu yeyote angeusikia kwa kidole. Wanda aliwasha ya kwake akavuta mpaka mashavu yakaingia ndani, kama ananyonya jiwe. Haikupitisha hata pumzi. Aliitoa mdomoni, akaitazama, akamwangalia kaka yake, akaiweka taratibu kando ya sahani. Quiles akaanza kulaumu ukame, kwamba kisanduku chenyewe kimekauka, mwaka huu hata mate yamekauka. Bronek akaitika. Ndiyo, ukame. Akawasha kiberiti kwa ajili ya biri yake, akaanza kusimulia juu ya mwaka ule wa hariri, jinsi unyevu ulivyokuja siku ya kura na watu wakaacha kupiga kura.

Alikuwa msimuliaji. Alisimulia na njiti mkononi. Moto ukashuka kwenye njiti, ukafika kwenye kucha, ukafika kwenye ngozi. Bronek aliendelea kusimulia. Alikuwa anaeleza habari za jirani yao, sasa marehemu, aliyekimbia bandani na suti. Moto ulikuwa unakula kidole chake, harufu ikaanza, na uso wake ulikuwa na tabasamu.

Wanda aliupiga ule mkono njiti ikaruka kwenye sosi.

Bronek aliangalia kidole chake. Kilikuwa cheusi pembeni, kimeanza kuvimba. Alikiangalia kama kidole cha mtu aliyekaa naye kwenye basi.

"Ni dawa," alisema Mama Halina, polepole, haangalii mtu. "Zimeua vidole. Namfunga vifungo vya shati tangu mwezi wa sita. Alinikataza nisiseme."

"Vitarudi," alisema Bronek. "Daktari kasema huwa vinarudi."

"Alisema kwa baadhi ya watu."

Kaz aliweka biri yake iliyopasuka juu ya meza. Hakuwa anawaza juu ya kidole. Alikuwa anawaza juu ya mabanda, na juu ya upepo wa kesho, na juu ya kitu alichokuwa ameegemea tangu masika bila kujua kwamba nyuma yake hakuna ukuta. Kama unyevu ungekuja, hakukuwa na mkono wa kuupima ila wake. Na mkono wake baba yake alishausema miaka mingi, mbele ya watu, kwamba una kiherehere, kwamba huyu akipewa yai atauliza kuku yuko wapi.

Quiles alikuwa ametoka barazani na biri yake. Alirudi akasimama mlangoni, kofia mkononi, akasema mlima hauonekani.

Wote waliinuka. Nje hewa ilikuwa imebadilika kabisa. Asubuhi ungeweza kuhesabu miti ya mlimani, sasa mlima haukuwepo, na mto haukuwepo, na ukungu ulikuwa unapanda kutoka majini kuelekea shambani kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Wakaenda bandani kama walivyokuwa, Wanda na viatu vya kanisani, Mama Halina na aproni, Quiles akiwa bado anatafuna. Kaz na Quiles wakafungua mbao za ubavuni. Mabanda yale kila ubao wa pili una bawaba, ukizifungua zote jengo linakuwa kama mbavu za samaki. Ukungu ukaingia.

Ndani majani yalikuwa yananing'inia safu juu ya safu mpaka gizani, na hata kwa upepo mdogo yalikuwa yanagongana, yanatoa mlio mkavu, kama watu elfu wanakunja karatasi. Walisubiri. Baada ya muda yale ya chini yakaanza kulegea kingo.

Bronek alitembea mpaka kwenye ufito wa chini. Alilishika jani moja kwa mkono wote, akalibana kwenye kiganja, akafumba macho. Mara hii aliyafumba kweli. Akaliachia.

"Tayari," alisema. "Quiles, panda. Tunashusha."

Quiles alishika ngazi. Alimwangalia Kaz, akaangalia ngazi.

Kaz alilishika jani lilelile. Kingo zilikuwa laini, ndiyo. Lakini alipolibana, ndani kwenye mshipa alisikia mlio mdogo sana, kama ukucha kwenye glasi. Akashika jingine juu kidogo, likampasukia mkononi. Angeweza kunyamaza. Wangeshusha, safu za juu zingevunjika, na wangelaumu ukame, na baba yake angebaki baba yake. Alilifikiria hilo, na jasho likamtoka na baridi yote ile.

"Bado, Baba."

"Umesemaje?"

"Bado. Mshipa unalia. Huko juu ni makavu kabisa."

"Mimi nashusha tumbaku tangu kabla mama yako hajanijua jina," alisema Bronek. Hakupaza sauti. "Leo nifundishwe na wewe, uliyeshindwa hata kukaa darasani? Ukungu ule hautakusubiri. Ukiinuka umeinuka. Panda, Quiles."

"Usipande, Anko." Kaz aliweka mguu mbele ya ngazi, na alipoogopa ndipo mdomo wake ulikuwa mbaya zaidi. "Baba, vidole vyako vimekufa. Umeungua pale mezani kama kuni na hukujua. Hapo umeshika nini? Hujashika kitu. Umesema tayari kwa sababu Shangazi anakuangalia."

Mama Halina aliweka mkono mdomoni. Wanda alisema jina la Kaz, mara moja, kwa sauti ya chini. Bronek alisimama vilevile na mkono umebaki wazi mbele yake. Halafu alienda akakaa juu ya kreti lililopinduliwa karibu na mlango, taratibu, kama anayekaa kwenye gari la mtu mwingine, na akageuza uso nje.

Basi wakasubiri. Na Kaz, ambaye hakuweza kusubiri hata birika lichemke, ambaye aliachwa na wasichana wawili kwa kuwatangulia njiani, alisubiri. Alipanda, akashika, akashuka. Alizunguka banda akapanda tena. Wanda alimwambia ukungu umeanza kuwa mwepesi upande wa barabara, na kama anataka kumwadhibu baba yake atafute njia isiyoua shamba. Kaz alisema bado. Quiles akaenda kuangalia miti, akarudi akasema upepo unageuka, ananusa kaskazini. Kaz alipanda mpaka juu kabisa, chini ya paa, akabana jani, likalia. Miguu yake ilikuwa inataka kukimbia. Kila kitu ndani yake kilikuwa kinasema ndiyo, sasa, malizana nalo. Akaudharau mwili wake akasema bado.

Jioni ikaingia. Mama Halina akawasha taa moja ya mafuta akaitundika kwenye nguzo. Na hapo ukungu, badala ya kuinuka, ulizidi. Uliingia kwa ubavu wote wa banda kwa pamoja, mweupe, mzito, ukapita katikati ya majani safu kwa safu, na taa ikawa kama mwezi uliopotea njia. Watu walikuwa hawaonani sura. Kaz alikuwa amesimama katikati ya mhimili, juu, mkono mmoja umeshika nguzo.

Kisha alisikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia maisha yake yote, ingawa alizaliwa mita chache tu kutoka pale. Alisikia banda linanyamaza. Ule mlio wa karatasi ulikufa chini kwanza. Halafu ukafa safu ya pili. Ulikuwa unapanda kuja kwake, ule ukimya, kama maji yanavyojaa kisimani, unameza safu moja baada ya nyingine, ukafika miguuni kwake, ukampita kiunoni, ukampita kichwani. Na mwisho, kule juu kwenye pembe ya paa, jani moja lilikuwa bado linagonga lenyewe, tak, tak, tak, halafu nalo likaacha. Harufu ikainuka. Si harufu ya moshi, ni ile iliyo kabla ya moshi: udongo, asali, ngozi ya farasi, mvua ya zamani. Majani yaliyokuwa kahawia ya vumbi yaligeuka rangi mbele ya macho yake, yakawa meusi yenye mng'ao, yakashuka, yakanyooka, elfu na elfu, kama wanyama waliolala wanapotoa pumzi. Kaz alitaka kusema Mungu wangu lakini aliona hata hilo ni kelele. Hakuna aliyefanya kitu. Hakuna mtu duniani aliyefanya kitu, hewa tu imepita, na vile vitu vilivyokufa vimerudi kuwa ngozi.

Alinyoosha mkono akabana jani. Akaliachia. Lilifunguka polepole, lote, bila mlio, kama kiganja cha mtoto aliyelala.

Alibana jingine, na jingine. Alipita safu zote akishuka, hakuruka hata moja. Alipofika chini Quiles alikuwa ameshavua koti na mguu uko kwenye ngazi. Wanda amekunja mikono ya gauni. Wote walikuwa wanamsubiri. Kaz alichomoa jani moja akawapita, akaenda mpaka kwenye kreti.

"Imefika," alisema.

Bronek hakugeuka. "Mwambie Quiles. Wewe ndiye unayejua."

"Nakuambia wewe kwanza."

Alimwekea jani kwenye kiganja. Bronek aliliangalia. Akalibana, akaliachia, akalibana tena, na uso wake ukawa wa mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Nimeshika hewa," alisema. "Nieleze basi. Likoje?"

Kaz hakuwa mtu wa maneno ya namna hiyo. Alikuwa na matusi mengi na majina ya vipuri. Alilibana jani jingine akafikiri mpaka paji likamuuma.

"Kama sikio la ndama," alisema.

"Ndama yupi? Aliyezaliwa sasa hivi?"

"Aliyezaliwa leo."

"Kashalambwa na mama yake, au bado?"

Kaz alibana tena. Alielewa kwamba haulizwi kwa mchezo. "Kashalambwa. Juu pamekauka, hapanati. Lakini ukibana ndani unasikia kuna mtu."

"Na mshipa?"

"Mshipa unapinda. Unapinda kama… kama ile gegedu ya sikio. Unakubali, halafu unarudi. Hausemi kitu."

Bronek alifumba macho. Alikaa hivyo muda, na vidole vyake, kile kilichoungua na vile vingine, vilikuwa vinasogea kidogo sana juu ya jani, huku midomo yake inasogea pamoja navyo, kama mtu anayesoma barua kwa mwanga hafifu. Kaz hakumharakisha. Kutoka mtoni palikuwa na baridi iliyoanza kuuma masikio, na Quiles alikohoa kidogo kukumbusha.

"Ndiyo," alisema Bronek mwishoni. "Ndiyo, hilo nalijua." Akafumbua macho. "Ningekuharibia."

"Ungeniharibia, ndiyo."

"Mdomo wako ni mchafu, Kaz."

"Najua, Baba."

"Haya. Waite, wanasikia baridi."

Kaz aligeuka, akaita juu. Quiles alikuwa ameshapanda kabla jina lake halijaisha. Ufito wa kwanza ulichomolewa chini ya paa ukaanza kushuka kutoka mkono hadi mkono, mzito, mweusi, umelowa, na haukutoa sauti yoyote. Kaz akaupokea akampa Wanda, Wanda akageuka amwekee Mama Halina, lakini Bronek alikuwa amesimama katikati yao. Kwa kuwa vidole havishiki, alinyoosha mikono yote miwili akaupokea kwenye viwiko, kama anavyopokelewa mtoto mchanga. Majani yakamwangukia kifuani, yakamfunika shingo na shavu.

Pale kwenye shingo hakuwa na ganzi, akalisikia jani. Alisimama.

Nyuma yake ufito wa pili ulikuwa tayari umefika, na wa tatu unashuka, na Quiles anauliza kutoka gizani juu kuna nini, mbona foleni.

"Bronek," alisema Wanda. "Sogea, unaziba njia."

Hakusogea. Alikuwa ameinamisha uso ndani ya majani na mabega yanapanda na kushuka, na Kaz akamwambia shangazi yake ampitie pembeni.